Ishirini na Moja: Mchezo, Hesabu na Mwenye Benki

(Hotuba iliyosomwa katika ukumbi wa chakula wa shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Mwenyekiti aliponiomba nizungumze alinipa onyo moja tu, kwamba nisiwalaze wanafunzi usingizi, maana watakuwa wamekwisha kula pilau. Nimefundisha hisabati kwa miaka mingi na najua uzito wa onyo hilo. Kwa hiyo nimechagua kuzungumza juu ya karata. Namwona Mwalimu Mkuu amegeuka kunitazama. Namwomba anivumilie, nitakapomaliza ataona kwamba sikuja kumharibia watoto wake.

Mchezo ninaotaka kuueleza ni ule wa ishirini na moja, ambao Wamarekani huuita Blackjack. Wazee wenzangu wanaujua. Wengine waliujua kuliko walivyojua jometri. Kwa ajili ya wasioujua, sheria zake ni chache. Kila mchezaji huweka dau, hupewa karata mbili, na kazi yake ni kuikaribia 21 bila kuivuka. Karata za namba huhesabiwa kwa namba zake. Karata za picha, yaani mfalme, malkia na ghulamu, kila moja ni 10. Ree, ile karata yenye alama moja, ni 1 au 11 kama apendavyo aliyeishika. Mchezaji akitaka huongeza karata, akitosheka hukaa. Akivuka 21 dau lake limekwenda. Wachezaji hawashindani wao kwa wao. Kila mmoja anashindana na mtu mmoja tu, naye ni mwenye benki, yule anayegawa karata.

Mwaka 1974, nikiwa kidato cha tatu katika shule hii, mwenye benki bwenini nilikuwa mimi. Walimu wa wakati ule hawakujua, na walioko leo wanisamehe kwa niaba yao. Tulicheza usiku kwa taa ya chemli, dirisha tumeliziba kwa blanketi. Sheria zetu zilikuwa mbili. Aliyevuka 21 analipa papo hapo, hata kama benki nayo itavuka baadaye. Na tukilingana, benki inachukua. Hakuna aliyeuliza sheria hizo zilitoka wapi. Tulizikuta kwa waliotutangulia, kama tulivyozikuta meza na vitanda.

Mwishoni mwa muhula mmoja mwenzetu alipewa na mjomba wake shilingi 60 ampelekee mama yake nyumbani. Usiku tatu kabla ya kufunga shule fedha hizo zote zilikuwa chini ya mto wangu. Aliondoka mikono mitupu, na nyumbani alisema ameibiwa ndani ya basi. Mimi sikumrudishia. Nilijiona nimeshinda kwa haki, kwa kuwa sikuficha karata wala sikumdanganya. Yeye mwenyewe aliniambia, “Wewe una nyota, bwana. Mimi sina.” Nami nikamwamini. Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya neno hilo nyota.

Tuanze mbali kidogo, na karata zenyewe. Wanafunzi, mnapozitaja karata mnasema kopa, uru, shupaza na pau. Maneno hayo ni ya Kireno, na neno karata pia. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, na mwaka 1698 ngome yao ya Mombasa ilitekwa. Wakaondoka, lakini wakatuachia meza, leso, gereza na karata. Kwa lugha yao kopa ni kikombe, uru ni dhahabu, shupaza ni upanga, na pau ni fimbo. Mkizitazama karata za leo hamtaona kikombe wala upanga, kwa sababu alama tunazotumia ni za Kifaransa. Majina yetu ni ya zamani kuliko picha. Tena Wareno na Wahispania hawakuvibuni vikombe na panga hizo. Karata ziliingia Ulaya katika miaka ya 1370 zikitoka nchi za Kiislamu. Katika jumba la Topkapi mjini Istanbul ipo jozi ya karata za Misri ya wakati wa Wamamluki, nayo ina vikombe, sarafu, panga na fimbo za kuchezea polo. Basi karata zilitoka upande wa Misri zikaenda Ulaya, na baadaye zikatufikia kwa njia ya bahari.

Mchezo wa ishirini na moja twausikia kwanza huko Hispania. Mwandishi Miguel de Cervantes, yule aliyeandika Don Quixote, alitoa mwaka 1613 kitabu cha hadithi, na mojawapo inahusu vijana wawili wa miaka 14 au 15, Rincón na Cortado, walioishi kwa wizi na ujanja. Rincón anajivunia ustadi wake katika mchezo wa veintiuna, yaani ishirini na moja. Anaeleza kwamba kila akikata karata huacha ree chini, na kwamba mwenye hakika ya kupata ree ana faida kubwa, maana humfaa kwa moja au kwa kumi na moja. Baadaye vijana hao wanamnyang'anya fedha zake mwendesha nyumbu mmoja katika kucheza karata. Angalieni basi: katika maandishi ya mwanzo kabisa tunayoyajua ya mchezo huu tayari kuna vijana wa umri wenu, kuna mtu wa kazi ngumu anayeliwa fedha zake, na kuna mmoja mezani anayejua jambo ambalo wengine hawalijui.

Katika karne ya 18 mchezo ulienea Ufaransa kwa jina la vingt-et-un, na ukavuka kuingia Uingereza, ambako ulichezwa sebuleni baada ya chakula cha jioni. Jane Austen anautaja katika riwaya yake Pride and Prejudice ya mwaka 1813. Ulifika pia Marekani, na watu walipokimbilia California kutafuta dhahabu, mchezo uliwafuata machimboni. Mwanamke mmoja, Eleanore Dumont, alifungua nyumba ya kuchezea vingt-et-un katika mji wa Nevada City mwaka 1854, akapata mali nyingi. Lakini mwaka 1879 alikutwa amekufa nje ya mji wa Bodie baada ya kupoteza fedha alizokuwa amezikopa. Hata mwenye benki akiinuka kwenye kiti chake akaenda kukaa upande wa pili, benki haimkumbuki.

Juu ya jina la Blackjack kuna hadithi inayosimuliwa sana, kwamba kasino zililipa zawadi ya mara kumi kwa mwenye ree ya shupaza pamoja na ghulamu mweusi. Mfaransa Thierry Depaulis, mwanahistoria wa karata, amelifuatilia jina hilo hadi kwa wachimba dhahabu wa Klondike, mwishoni mwa karne ya 19. Vyovyote iwavyo, mwaka 1931 jimbo la Nevada lilihalalisha kamari, na mchezo wa sebuleni ukawa biashara kubwa.

Hapo, ndugu zangu, lilitokea badiliko moja dogo lililokuja kuwa na matokeo makubwa. Nyumbani mwenye benki hucheza apendavyo. Akitaka anaongeza karata, asipotaka anakaa. Lakini kasino ina wagawaji wengi wa kuajiriwa, na tajiri hawezi kumwamini kila mmoja aamue kwa akili yake. Kwa hiyo mgawaji alifungwa kwa sheria: akiwa na 16 au pungufu lazima aongeze, akifika 17 lazima akae. Tena karata yake moja ilazwe wazi ili wote waione. Sheria hiyo iliwekwa kumlinda tajiri dhidi ya mfanyakazi wake. Tajiri hakufikiri kwamba mtu akifungwa kwa sheria isiyobadilika, matendo yake yanaweza kupigiwa hesabu.

Waliolifikiri jambo hilo walikuwa vijana wanne wa jeshi la Marekani waliokuwa katika kambi ya Aberdeen, Maryland, katika miaka ya 1950. Majina yao ni Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott. Hawakuwa na kompyuta. Walikuwa na mashine za mezani za kukokotoa, za aina iliyotumiwa na makarani wa mahesabu, na saa zao za mapumziko. Walichukua kila hali inayoweza kutokea, mchezaji ana nini na mgawaji ameonyesha nini, wakatafuta lipi ni bora, kuongeza au kukaa. Mwaka 1956 makala yao ilitolewa katika jarida la Chama cha Takwimu cha Marekani, na mwaka 1957 wakatoa kitabu.

Nitawapa mfano wa walichokigundua. Unazo 16. Ukiongeza karata, katika aina 13 za karata ni 8 zitakazokuvusha: kuanzia 6 mpaka mfalme. Yaani hatari ni kama 62 katika 100, na kila mtu mezani atakwambia ukae. Lakini inategemea mgawaji ameonyesha nini. Akionyesha 6, kaa, kwa sababu yeye lazima aongeze na huvuka kama mara 42 katika 100. Akionyesha 10, ongeza ijapokuwa unaogopa, maana ukikaa utapoteza mara nyingi zaidi. Wale vijana walionyesha kwamba anayefuata hesabu hivi hupoteza kwa wastani kiasi cha senti 62 tu katika kila shilingi 100 anazoweka. Lakini bado anapoteza. Hilo msilisahau.

Sasa swali la mtihani. Ikiwa mchezaji na mgawaji wanatumia karata zile zile, faida ya mgawaji inatoka wapi? Haitoki kwenye nyota. Mgawaji anayefuata sheria ya 16 na 17 huvuka 21 kama mara 28 katika 100. Tuseme mchezaji naye anamwiga, anacheza vile vile. Naye atavuka mara 28 katika 100. Zidisheni 28 kwa 100 mara 28 kwa 100, mtapata karibu 8 kwa 100. Basi katika michezo 100 kuna kama 8 ambayo wote wawili wangevuka. Kwa haki ingekuwa sare. Lakini mchezaji hucheza kwanza, na akivuka fedha zake zimekwisha kuchukuliwa. Michezo hiyo 8 ni ya mwenye benki kwa sababu ya mahali alipokaa tu. Kasino humrudishia mchezaji sehemu ya faida hiyo kwa kumlipa moja na nusu anapopata ree na 10 katika karata mbili za kwanza, na wakilingana kila mtu hubaki na chake. Sisi bwenini hatukulipa moja na nusu, na tukilingana nilichukua. Niliposoma hesabu hiyo kwa mara ya kwanza nilikuwa tayari mwalimu, na niliiweka kalamu chini. Shilingi 60 za mama wa mwenzangu zilikuwa zimekuja kwangu kwa njia hiyo.

Yuko mtu mmoja aliyekwenda mbali zaidi. Edward Thorp, mwanahisabati, alikwenda Las Vegas likizo ya Desemba 1958 akiwa na jedwali la wale wanajeshi mkononi. Aliweka dola 10, akapoteza 8 na nusu. Lakini aliona jambo. Dete likirushwa halikumbuki lilivyoanguka jana, bali karata iliyokwisha kutoka haipo tena katika jozi mpaka zichangwe upya. Kwa hiyo bahati ya mchezo hubadilika kila karata zinapotoka. Akitumia kompyuta ya IBM katika chuo cha MIT alipiga hesabu ya jozi iliyopungukiwa na aina fulani ya karata. Aliona kwamba zikiisha tano zote nne, faida huhama kutoka kwa benki ikaenda kwa mchezaji, kama asilimia 3. Januari 1961 aliwaeleza wanahisabati wenzake katika mkutano mjini Washington. Mwaka huo huo alikwenda Nevada pamoja na matajiri wawili waliompa dola 10,000, na wakaondoka na faida ya dola 11,000 hivi. Mwaka 1962 alitoa kitabu, Beat the Dealer, na watu wengi wakakinunua.

Wanafunzi, naona macho yenu yameng'aa. Msiamke bado, nisikilizeni kasino zilivyojibu. Aprili 1964 zile za Las Vegas zilibadili sheria za mchezo ili kumbana mchezaji. Wateja wakaacha kucheza, na baada ya wiki chache sheria za zamani zikarudishwa. Ndipo zikatafuta njia za taratibu. Zilianza kuchanganya jozi nyingi pamoja na kuchanga karata mapema. Huko Nevada zikawafukuza wale walioonekana wanahesabu, ijapokuwa kuhesabu kwa akili si wizi. Mchezaji mmoja mashuhuri, Ken Uston, alikwenda mahakamani, na mwaka 1982 Mahakama Kuu ya jimbo la New Jersey iliamua kwamba kasino za Atlantic City haziwezi kumfukuza mtu kwa kuhesabu karata tu. Nako huko kasino zikabaki na uwezo wa kuchanga karata kila mara. Na siku hizi katika meza nyingi malipo ya ree na 10, yaliyokuwa moja na nusu, yamepunguzwa yakawa moja na tano ya moja. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini linaiongezea benki kama shilingi 1 na senti 40 katika kila 100. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi historia ya mchezo huu ni kwamba kwa muda mfupi watu wachache wenye akili nyingi na subira nyingi waliishinda benki, kwa sababu sheria ilikuwa wazi mezani na karata zilionekana. Benki ilipotambua, ilibadili sheria. Anayetunga sheria hahitaji nyota.

Sasa nije kwenu. Leo bwenini hakuna haja ya chemli wala blanketi dirishani. Benki imo ndani ya simu. Sheria za nchi zinakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza, na dini zetu zimekwisha kusema yao. Sina la kuongeza hapo. Kazi yangu ni hesabu. Tuseme timu mbili zina nguvu sawa kabisa na mmoja lazima ashinde. Malipo ya haki kwa shilingi 100 ni 200. Kampuni inalipa, kwa mfano, 190. Katika kila 100 imebakiza 5, na kwa mechi moja mtu haoni kitu. Lakini ninyi hamweki mechi moja. Mnatandika mkeka wa mechi kumi ili mpate fedha nyingi. Chukueni 95 kwa 100, mzidishe kwa yenyewe mara kumi. Fanyeni usiku huu, ni zoezi zuri. Mtapata karibu 60 kwa 100. Maana yake, katika kila shilingi 100 zinazowekwa juu ya mikeka ya namna hiyo, 40 ni za mwenye benki kabla mpira haujapigwa. Mkeka ukichanika mnasema timu fulani imewaangusha. Haikuwaangusha timu.

Jambo linaloniuma katika kamari ni kupotea kwa fedha, lakini zaidi ni lile neno aliloniambia mwenzangu. Mwaka jana nilimtembelea kwake. Sasa ni babu mwenye wajukuu. Nilichukua karatasi nikamwonyesha hesabu ya 28 mara 28, kisha nikamweleza zile sheria zetu mbili. Aliitazama kwa muda mrefu, akacheka, halafu akanyamaza. Akasema, “Kumbe. Miaka yote hii nilidhani ni mimi.” Aliniambia kwamba mara nyingi maishani, palipotokea nafasi ya kujaribu jambo, kazi au biashara, alikumbuka usiku ule akajiambia kuwa yeye hana nyota, akawaachia wengine. Ndugu zangu, shilingi 60 zaweza kurudishwa. Hayo mengine sijui hurudishwa vipi.

Nilimpa bahasha, hakuipokea. Mama yake amekwisha kufariki. Alisema niilete hapa ikanunue vitabu vya hisabati, na akaniruhusu niwasimulie habari hii bila kumtaja jina. Bahasha hiyo ninayo, nami nimeongeza kidogo. Ndugu Mwalimu Mkuu, nitakukabidhi tukimaliza.

Kwenu wanafunzi nina ombi moja. Mtakapokalishwa mezani, iwe meza ya karata, ya mkopo, ya biashara au ya mkataba wowote, msianze kuuliza nani ana bahati. Ulizeni sheria imetungwa na nani, na mkilingana nani anachukua. Kisha tafuteni karatasi mpige hesabu.